Mstari wa Mtu Mmoja

Kiangazi cha utoto wangu kinanukia tope, lile tope dogo lililokuwa chini ya bomba la shule. Mji mzima wa Babati ulikuwa umekauka, vumbi jekundu limelala juu ya mabati ya mtaa wa Bagara na juu ya nyusi zetu, lakini pale bombani palikuwa na unyevu siku zote, na udongo wake ulinukia vizuri hata wadogo wakauonja. Bomba lilikuwa moja. Maji yalitoka asubuhi, tena kwa kusuasua, na kila mwanafunzi alikuja na kidumu kilichowahi kuwa cha mafuta ya kupikia. Mpaka leo nikisikia vidumu vikigongana kwenye foleni nahisi kiu.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, na mji wetu ndio uliofanywa makao makuu. Watumishi walihamia na familia zao, na miongoni mwa watoto wao alikuja Doreen, akaingia darasa letu la sita. Alikuwa na soksi nyeupe za kufika magotini, na alicheka kwa namna iliyokufanya utamani kuwa wewe ndiye uliyemchekesha. Haukupita muda akawa na kundi. Tulijiita Makao Makuu, bila aibu yoyote, na mimi nilikuwemo. Kundini walinipa jina la Masikio, kwa kuwa masikio yangu yalijitokeza kama vishikio vya sufuria, na nilifurahia hata jina hilo. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa mwenye duka, wa kurudi nyumbani peke yake. Sasa nilitembea katikati ya wasichana walioshikana mikono barabara nzima, wenye baiskeli wakitupigia kengele tuwapishe, nasi hatupishi ng'o. Ilikuwa furaha ya kweli, na sitaki kuidharau leo kwa kuwa nimekuwa mtu mzima.

Aliyeamua nani achote kwanza ni kiranja wa bomba. Wa mwaka ule alikuwa dada mmoja wa darasa la saba, rafiki wa Doreen, kwa hiyo Makao Makuu tulichota tukanawa hadi miguu. Wadogo wa darasa la kwanza walifika bombani likiwa linakoroma hewa tupu. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu Idi. Siku moja alirudi nyumbani midomo imepasuka, akapitiliza mpaka kwenye mtungi, akanywa kama ndama.

"Kwani shuleni hakuna maji?" mama akamuuliza.

Idi alinitazama mimi kwanza. "Yapo, mama. Ni ya wakubwa."

Mama akamjazia kikombe kingine, na mimi nikamsogezea Idi sahani yangu ya chakula.

Darasa la saba walipomaliza mtihani, ikabidi viranja wapya wachaguliwe. Doreen aliutaka ukiranja wa bomba. Aliyeshindana naye alikuwa Paskalina, msichana wa Singe, pembeni kabisa ya mji, aliyekuja kwa miguu akiwa na vumbi mpaka magotini na kuongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kigorowa, ambayo Makao Makuu tuliiiga tukacheka hadi kushika mbavu. Lakini nilikuwa nimemwona kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, alikuwa akimsogeza mbele mtoto mdogo aliye karibu, kisha mwingine, huku kidumu chake kikibaki kitupu. Wenzangu walipitisha neno darasa kwa darasa: asiyesimama nyuma ya Doreen atachota wa mwisho mwaka mzima. Neno hilo lilieleweka, kwa sababu uchaguzi wetu haukuwa wa siri. Ulimchagua mtu kwa kwenda kusimama nyuma yake.

Asubuhi ya uchaguzi wagombea wawili waligeuzwa wautazame mlingoti wa bendera, wakatupa mgongo, jua likiwa bado chini nyuma yetu. Darasa la kwanza na la pili walikaa kando kutazama. Mwalimu alipopiga makofi, shule ilimiminika upande wa Doreen. Hata watoto wa Singe walikwenda huko, macho chini. Nyuma ya Paskalina palibaki udongo mtupu. Moyo ulinidunda hadi masikioni, na masikio yenyewe ndiyo hayo. Nikavuka uwanja, nikasimama pale.

Kicheko kililipuka. "Masikio, umepotea! Rudi huku, unatuaibisha!" mmoja wa wenzangu akaniita. Mwalimu naye akanisogelea. "Zainabu, hujakosea mstari?"

"Sijakosea, mwalimu," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Hapo Idi akachomoka kando, akaja kusimama nyuma yangu. Darasa la kwanza lote likamfuata, wanakimbia, kaptura zinawadondoka. Mwalimu akawafukuza, "Ninyi hampigi kura, rudini!" Lakini kila mmoja wao alikuwa na kaka au dada kwenye mstari ule mrefu, na ndugu hao walikuwa wamemwona mdogo wao akifukuzwa. Akatoka mmoja. Wakatoka watoto wa Singe. Kisha mstari wa Doreen ukakatika vipande, na wetu ukarefuka hadi kwenye ukuta wa madarasa. Mwalimu hakuhitaji kuhesabu. Nilipiga kelele za ushindi hadi sauti ikakauka, na kesho yake Idi alirudi nyumbani na kidumu kimejaa, makusudi, ili mama akione.

Makao Makuu hawakunishika tena mkono barabarani. Nililia kidogo, nikazoea, kisha nikajikuta natembea na watu wengine.

Siku hizi watoto wa shule hiyo wanapiga kura kwa karatasi zilizokunjwa, na mabomba ni mengi. Hilo ni jema. Lakini kwenye mikutano yetu ya wazazi bado naona watu wazima wakichungulia pembeni kabla ya kunyoosha mkono, na wangu huwa tayari uko juu. Paskalina naye ni mzazi pale. Juzi nilimuuliza kama alisikia kile kicheko alipokuwa amegeuzwa.

"Nilisikia, nikajua sina mtu," akasema. "Nikainamisha kichwa nisilie. Ndipo nikaona chini, kando ya kivuli changu, kimetokea kivuli chenye masikio."