Alama za Chokaa Korongoni

Filipo hakumwamini mtu anayetembea bila safari. Prashant, kijana wa duka la vitambaa huko Singida Mjini, alipoanza kuja kijijini kila Jumamosi na fimbo na kamera, akipanda njia za kando ya korongo, Filipo alimtazama kwa jicho la pembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepotelewa na ng'ombe?"

"Hapana mzee, natembea tu."

Natembea tu! Jua lote hili la Novemba, mtu ameacha feni dukani kwao, eti anatembea tu.

Filipo alikuwa mzee wa kanisa, tena mlinzi wa dimbwi la juu ya korongo, kama baba yake na babu yake. Kila mwaka kabla ya mvua wazee hutambika pale, na maji ya kwanza huyateka mke wa mlinzi, peke yake, kwenye kisima cha mchangani kando ya dimbwi. Sharti ni moja: awe na macho mazima. La sivyo, ulinzi unahamia ukoo mwingine, na Yeremia wa ng'ambo ya korongo alikuwa ameungojea miaka thelathini kama fisi anavyongojea mkono wa mtu uanguke.

Basi siku moja Filipo akapita njia ya wanawake ya kwenda majini, ambayo si kawaida yake, akaona mistari minene ya chokaa kwenye mawe, kila njia panda, kuanzia nyuma ya zizi lake hadi dimbwini. Bikoni, alama za wapima ardhi! Wachimba dhahabu wamemtuma yule kijana apime. Hata kopo la chokaa lililobaki walipopaka nyumba lilikuwa limepotea, na wizi huo nao akamtwisha Prashant. Alichukua panga akakwangua mawe yote, akarudi kula ugali kwa raha. Hakumsimulia mkewe, Kristina.

Kesho yake Kristina alikwenda kuteka maji, asirudi. Filipo alipanda korongo mbio, panga mkononi, akimlaani Prashant njia nzima. Alimkuta mkewe kwenye njia panda ya tatu, ndoo tupu chini, akipapasa jiwe lililokwanguliwa. Filipo akasimama hatua tano mbele yake.

"Nani hapo?" Kristina akauliza.

Filipo alishusha panga. "Mimi."

"Baba Ritha, mtu amefuta alama zangu. Nilizipaka nene za kupapasa tangu Pasaka, macho yaliponiishia. Nilitaka niteke mwaka huu tu, ulinzi usikutoke."

"Nimezifuta mimi."

Kristina aliondoa mkono kwenye jiwe. "Miezi saba napapasa ukuta nikitafuta mlango, hukuona. Chokaa ya kwenye jiwe ndiyo umeiona."

Filipo aliona aibu hata akashindwa kumtazama, ingawa Kristina hakumwona. Aliokota ndoo, akamshika mkono. Walipofika chini hawakugeukia nyumbani. Walivuka mchanga wa korongo polepole hadi ng'ambo kwa Yeremia, na Filipo akabisha hodi mwenyewe.