Shuka Zilizokauka Mapema

Katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli, wanawake watano walianza kupiga pasi saa moja asubuhi, na Mama Pasi ndiye aliyekuwa akiwasimulia. Hadithi zake zilitoka vyumba vya juu. Wageni walisahau vitabu chini ya mito, vingi vikiwa vya majoka yanayotema moto, na kitabu kisichouliziwa kwa mwezi mzima kilikuwa chake.

Safari hii alikuwa na joka alilolitunga mwenyewe, limelala ndani ya mlima ulio juu ya mji. Lilikuwa limeshafumbua jicho moja pale wifi yake, dada wa mumewe, aliyefanya naye kazi meza moja kwa miaka kumi na minane, alipopewa tarehe ya kupasuliwa tumbo.

"Wifi," alisema akikunja foronya, "usiliachie joka lako mpaka nirudi."

"Wiki tatu? Nilifanyie nini wiki tatu, nilibembeleze?"

"Umemvumilia kaka yangu miaka yote hiyo, joka ndilo litakalokushinda?"

Walicheka wote. Ila wifi alipokuwa akivua aproni alimsogelea Mama Pasi na kumwambia kwa sauti ya chini, "Nataka nijue kuna kitu kinaningoja."

Basi Mama Pasi akabaki na joka asiloweza kuliachia. Siku ya kwanza alieleza mitaa ya mji, ya pili akaeleza milango. Siku ya tatu Kidoti, mwenye ulimi mkali kuliko wote pale, akanyoosha mkono kuwasha redio ya chumbani.

"Hilo joka linaumwa? Juzi lilikuwa linaamka, leo tunahesabu bawaba."

Wakati wa chakula cha mchana Mama Pasi alivirudia vitabu vyake, lakini safari hii aliruka mapigano. Akagundua kwamba karibu vyote vilimficha msomaji joka mpaka katikati. Kabla ya hapo ndege walihama, maji ya kisima yakapata uvuguvugu, na aliyeyaona hayo akachekwa. Watu wa mji walinyang'anywa vitu vidogo walivyovizoea, kimoja kimoja. Lakini kwenye chumba cha pasi, nani angetishwa na ndege?

Kesho yake akaanza hivi:

"Kulikuwa na mfuaji pale mjini. Siku hiyo mawingu yametanda, upepo hakuna. Akaanika shuka kumi. Alipogeuka kuchukua ya kumi na moja, ya kwanza imeshakauka."

Pasi zikasimama. Pale hakuna asiyejua shuka nzito huchukua saa ngapi siku ya mawingu.

"Imekauka kabisa?" Kidoti aliuliza.

"Kau. Na ina joto upande mmoja, ule unaotazama mlima."

Msimamizi aliingia akifuata harufu ya foronya inayoungua. Alitaka kufoka, akajikuta ameegemea mlango. "Sasa huyo mfuaji akafanyaje?"

"Akaanika nyingine."

Tangu hapo akawapa kitu kimoja kila siku: vibanio vinavyochoma vidole, sabuni isiyotoa povu, majivu mepesi kwenye kola nyeupe. Redio ikasahaulika.

Wiki ya tatu mumewe alirudi na habari kutoka hospitali. Kidonda kimeingia usaha, dada yake anapasuliwa tena. Asubuhi ile Mama Pasi aliipiga pasi shuka ileile mara mbili.

"Simulia," Kidoti alisema. "Ila lisishuke leo."

Akawasimulia shuka moja tu iliyokauka mapema. Na ya siku iliyofuata ilikuwa moja pia.

Wiki ya sita wifi alishuka ngazi akishika ukuta, kamba za aproni zikimzunguka mara mbili. Wakampindulia kapu akalie.

"Limeshuka?"

"Bado," Mama Pasi alisema, akamsimulia tangu shuka ya kwanza. Wifi akaweka kiganja kwenye shuka iliyokuwa mezani na kukiacha hapo.

"Haya, liachie."

Mama Pasi aliweka pasi yake pembeni. "Kaa vizuri kwanza, wifi," akasema.

Kidoti akainuka, akazima pasi zote ukutani, moja baada ya nyingine.