Mtumbwi Uliopanda Soko la Kamembe

Watu wa Kamembe humwita binti yangu Honorine "yule anayecheza na kompyuta." Kila nikisikia hivyo, nawarekebisha. Honorine hachezi, anatengeneza michezo ili wengine wacheze. Mpishi si mlaji. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuitwa mchezaji: marehemu mume wangu, Munyaneza, alikuwa mkaguzi wa shule, mimi nilifundisha hesabu miaka ishirini na saba, na Honorine alirudi kutoka chuo kikuu na shahada ambayo bado imetundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa.

Shemeji yangu Habineza, kaka mkubwa wa mume wangu, hakuiona hata hivyo. Ana ofisi ya kuwaandalia wafanyabiashara karatasi za forodha karibu na daraja la Rusizi ya Pili, kwenye mpaka wetu na Kongo, na mwaka 2016 alimwekea Honorine meza na kiti pale. Honorine akaomba kwanza amalize mchezo aliokuwa ameuanza. Wakakubaliana mbele yangu. Mchezo ungeonyeshwa Jumapili ya misa ya kumbukumbu ya baba yake, ukoo wote ukiwepo, hata ndugu wa Bukavu, ng'ambo ya daraja. Ukienda vizuri, Honorine aendelee na kazi yake. Ukienda vibaya, Jumatatu asubuhi awe amekaa kwenye kile kiti.

Ulikuwa mchezo wa kuvusha abiria ziwani kutoka Kamembe kwenda kisiwa cha Nkombo, kaskazini yetu. Mtumbwi unaonekana kutoka juu, kama anavyouona ndege, na ubavuni Honorine alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MUNYANEZA. Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa, ningesema kwamba jina la mkaguzi wa shule halibandikwi kwenye mtumbwi. Lakini lilikuwa limeshaandikwa, kwa hiyo ilibidi mtumbwi ule uwe na adabu.

Haukuwa nayo. Siku ya kwanza uliambiwa uende kaskazini, ukashuka hadi ukatokomea chini ya kioo. Shuleni tunafundisha kwamba y ikiongezeka, unapanda. Kwenye skrini hesabu inaanzia juu, na y ikiongezeka, unashuka. Honorine akaweka alama ya kutoa mbele ya y, yakaisha. Kisha mtumbwi ukashikwa na haraka ya ajabu kila alipobonyeza kitufe cha juu na cha kulia pamoja.

"Maman, njoo uone! Ukienda mshazari unakimbia kama unafukuzwa na forodha."

"Umepiga hatua moja juu na hatua moja kulia," nilimwambia. "Umechora pembetatu. Upande mrefu ni ngapi?"

"Mzizi wa mraba wa mbili."

"Basi gawanya kwa mzizi wa mbili. Pitagorasi anafanya kazi hata Kamembe."

Njia yenyewe, na mawe ya kukwepa, aliipata kwa Mzee Cirhuza wa Nkombo, ambaye amevusha watu kwa miaka arobaini. Mzee huyu hajui nyuzi za pembe wala hana haja nazo. Huilaza saa yake ya mkono kwenye ubao wa mtumbwi, kichwa cha saa kikielekea kaskazini, kisha huelekeza: ondoka kwa saa sita, ukiona jiwe jeupe shika saa tano, ukilipita rudi saa saba. Honorine alirekodi sauti yake kwa simu, akaziandika saa zote kwenye jedwali, akazidisha kila moja kwa thelathini ili apate nyuzi. Jedwali lile nililipitia mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Halikuwa na kosa la kuzidisha hata moja.

Mchezo ulikuwa na hatua mbili. Kwanza mtumbwi ungejiendesha wenyewe kwa kufuata sauti ya Mzee, ili mchezaji aione njia. Kisha mchezaji angeushika mwenyewe. Alhamisi tukaujaribu. Sauti ikasema, "Twende saa sita!" Mtumbwi ukageuka, ukaipa Nkombo mgongo, ukatoka majini, ukapanda mlima na kupita katikati ya soko la Kamembe na abiria wake wote.

Honorine aliongeza nyuzi mia na themanini kwenye mwendo, yaani nusu ya duara, na mtumbwi ukaenda Nkombo. Ila picha yake ilikuwa haikugeuka, kwa hiyo ulikwenda nyuma ikiwa mbele. Na hapo ndipo Habineza alipoingia.

"Eh! Mutumbwi ya ndugu yangu inaenda makalio mbele?"

"Papa mkubwa, bado naitengeneza," alisema Honorine.

"Tengeneza, tengeneza. Jumapili batu ba Bukavu batakuja, batacheka mpaka bavuke daraja. Ile kiti nimeipangusa leo."

Alipoondoka, Honorine aligeuza na picha pia. Sasa mtumbwi ulifika Nkombo kwa heshima. Lakini alipoushika mwenyewe, akibonyeza kulia unakwenda kushoto, akibonyeza mbele unarudi nyuma. Kasoro ilikuwa imehama chumba tu.

"Kwa nini uliongeza nusu duara?" nilimuuliza.

"Kwa sababu inafanya kazi."

"Mwanafunzi wangu angejibu hivyo, angepata sifuri. Jibu lisilo na sababu ni bahati nasibu."

"Basi kosa liko kwenye jedwali, Maman. Weye ndiye ulilipitisha."

"Jedwali ni sahihi," nilisema, na kalamu nyekundu bado ipo, anayetaka aje aione.

Likabaki wazo moja baya: kwamba Mzee Cirhuza amezeeka, amesahau njia. Honorine alikuwa tayari kuifuta sauti yake na kuweka yake mwenyewe. Nilimkataza. Mtu hatolewi kasoro kwa kukisiwa, tena mzee ambaye hayupo kujitetea. Akampigia simu, na Jumamosi Mzee akavuka ziwa na kuja nyumbani kwetu, amevaa koti, amekasirika kabla ya kuketi.

Honorine aliondoa nyongeza zake zote ili Mzee aone mambo yalivyokuwa mwanzo. Sauti ikasema saa sita. Mtumbwi ukapanda sokoni.

"Huyu muntu anaendesha ni nani?" aliuliza Mzee.

"Ni weye, Mzee. Unafuata maneno yako."

"Mie? Miaka makumi ine sijapandisha mutumbwi ku soko! Hata nikiwa nimelewa! Na sijalewaka, Madame," aliongeza akinitazama.

"Lakini ulisema saa sita."

"Ndiyo, saa sita!"

Kengele ya kanisa ikalia. Mzee akavuta mkono wa koti, akampelekea Honorine saa yake karibu kabisa na pua. "Na sasa iko saa sita. Batu ba Kamembe habakulaka?"

Niliinuka kwenda kutazama maharage. Honorine aliushika mkono wa Mzee asiuache.

"Mzee, saa sita iko wapi?"

"Si hii, huku juu. Ilihama lini?"

Mishale yote miwili ilikuwa imesimama juu kabisa. Kwenye jedwali la Honorine, sita mara thelathini ni mia na themanini, na hiyo, ukihesabu kuanzia juu, ni chini kabisa.

"Maman, rudi utazame, namba gani iko chini ya mishale?"

"Kumi na mbili."

"Na ni saa ngapi?"

"Saa sita," nilisema.

Maisha yetu yote tunaona kumi na mbili na kusema sita, tunaona tisa na kusema tatu, na hakuna anayeshangaa. Mzee alikuwa akielekeza kwa mshale. Sisi wasomi wawili tuliandika neno. Kila saa aliyoitaja ilikuwa upande wa pili wa duara, nusu duara kamili. Kuzidisha kulikuwa sahihi, hilo nalirudia.

Honorine aliandika mstari mmoja tu: kila saa iongezwe sita kabla ya kuzidishwa. Mtumbwi ukaondoka, pua mbele, ukalikwepa jiwe jeupe, ukafika Nkombo. Na alipoushika mwenyewe, kulia kukawa kulia. Mzee alikula sahani mbili na kuomba sauti yake iongezwe nguvu, kwa sababu alisikika kama mtu mwenye mafua.

Jumapili baada ya misa, Habineza aliketi mbele ya kompyuta kwanza, kama haki ya mkubwa. Aliitazama ile hatua ya kwanza, mikono kifuani, akitafuta kosa. Alipokabidhiwa mtumbwi, aligonga jiwe jeupe. Akaanza upya, akaligonga tena.

"Cirhuza anasema polepole mno!" alilalamika.

"Papa mkubwa, weye ndiye unaenda mbio," Honorine alimjibu, na wageni wa Bukavu wakacheka, lakini hawakuwa wakicheka mtumbwi.

Chakula kilipoa. Mara ya tano alifika Nkombo, akapiga makofi peke yake, kisha akakumbuka kwamba anatazamwa.

"Kesho usikuje ku ofisi," alimwambia bila kugeuka. "Ile kiti nitamupa binti ya jirani Sibomana. Weye, baki na hii." Na akaanza safari nyingine.

Maneno hayo niliyaandika siku ileile, pamoja na tarehe na majina ya mashahidi wawili, kwa sababu namjua shemeji yangu.