Mkono wa Pili wa Rangi ya Mkaa

Mkono wa kwanza wa rangi haukumpa taabu. Kijivu kilichokolea, rangi ya mkaa kabisa, juu ya ukuta mweupe: hata kipofu angejua wapi amepita na wapi bado. Neno hilo, kipofu, lilimjia tu lenyewe, na Rula akalichukia.

Mtaani walimwita Rula kwa sababu miaka thelathini alichora ukingo wa dari kwa brashi tupu, bila tepu, na mstari ukanyooka. Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu, miezi mitano mizima, na hajamwambia mtu. Amwambie nani? Mkewe akijua, mtaa mzima umejua, na fundi rangi asiyeona nani atampa kazi?

Mwenye nyumba, mama mmoja mshonaji aliyestaafu, alikuwa amemganda tangu asubuhi.

"Sebule ya rangi ya mkaa! Dada zangu wanasema nimerukwa na akili."

"Waache waseme, mama. Watakaa humo wao?"

Balaa lilianza kwenye mkono wa pili. Mkaa juu ya mkaa! Hapo fundi anaongozwa na kitu kimoja tu, mng'ao wa rangi mbichi. Rula akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia, wapi! Akapanda ngazi, akashuka. Akafungua pazia, akalifunga, akalifungua tena. Akaomba maji, asiyanywe. Mwishowe akafanya jambo ambalo mwingine akilifanya mbele yake angemtukana: akaanza kupapasa ukuta kwa ncha za vidole. Pabichi, nimepita. Pakavu, bado. Papasa, piga rola, papasa tena, mpaka jioni.

"Fundi, unautekenya huo ukuta?"

"Napima unyevu, mama. Rangi za siku hizi jeuri."

Uongo mtupu, na ulimtoka bila hata kukwama.

Kesho yake asubuhi alirudi kuchukua vifaa, akavua viatu mlangoni. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, jua limejaa chumba kizima.

"Fundi, ukuta wangu una alama za vidole."

"Aa, wapi?"

"Nionyeshe wewe."

Rula akatazama. Kwake ukuta ulikuwa safi, mweusi tii. Akajikaza, akanyoosha kidole karibu na dirisha. "Si pale? Kidogo tu hapo, nitaparekebisha."

"Pale ndipo pasipo na kitu," mama akasema polepole. "Kwingine kote zimejaa."

Alitafuta uongo mwingine, akaukosa. "Mama, nakuomba, usiseme huko nje. Watoto wangu wanakula kwa brashi hii."

"Mimi watu niliwaambia nimeacha kushona kwa sababu ya mgongo. Mgongo gani! Nilishona suti nyeusi ya bwana harusi kwa uzi wa kijani. Nikaficha miaka miwili, kwa aibu tu. Nilipokwenda hospitali wakaokoa jicho moja, la pili lilikuwa limeshakwenda." Akamgeukia. "Dirisha unaliona?"

"Naliona."

"Basi hujachelewa. Vaa viatu, twende hospitali sasa hivi."

Rula akainama mlangoni. Kimoja akakipata. Akapapasa huku, akapapasa kule.

"Mama," akasema, neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu, "sikioni."

Mama akakisogeza kwa mguu mpaka kikagusa vidole vya Rula.