Muthokoi wa Wageni wa Shangazi

Nisikilize, wewe unayesoma, na kama kuna kiti karibu, vuta ukae, maana nitaanza na harufu, na harufu haielezeki kwa haraka. Ni harufu ya mahindi makavu yaliyonyunyiziwa maji. Inakaribia ile ya vumbi mvua inapoanza, ila kwa mbali ina utamu kidogo. Majuzi nilikuwa napita sokoni Machakos mjini, nikamkuta mama mmoja akianika muthokoi juu ya gunia. Harufu ile ikanisimamisha. Mimi ni mtu mzima, nina mvi ambazo nimeacha kuzificha, na bado hasira ilinipanda palepale kati ya mafungu ya nyanya. Ilikuwa hasira ya msichana wa miaka kumi na mmoja.

Kwa asiyejua, muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa. Unayatia kinuni, unayanyunyizia maji kidogo, unatwanga mpaka ngozi itoke, unapepeta makapi, kisha unapika pamoja na maharagwe au mbaazi. Ukielezwa hivyo utadhani ni kazi ya misuli. Misuli ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kujua wakati wa kuacha. Ukiacha mapema, ngozi inabaki na watu wanatafuna kama mbuzi. Ukichelewa, punje zinapasuka, na chenga zikiingia chunguni zinageuka uji. Punje iliyovunjika haiungwi.

Tuliishi upande wa Mitaboni, miaka ya tisini, mimi, wazazi wangu, dada yangu Mwikali, na shangazi Syombua, dada mdogo wa baba. Mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza. Nikifagia uwanja, nilimwita mtu aje aone. Nikifua soksi, nilizipeleka zikidondoka maji mpaka alipo mama. "Iko sawa?" Nikichora nyumba kwa mkaa ukutani, iko sawa? Mwikali alinibandika jina. "Iko Sawa ameamka!" alitangaza kila asubuhi, na hata mbwa, nadhani, alilizoea.

Basi shangazi akachumbiwa na watu wa Ekalakala, na siku ikapangwa wao kuleta mbuzi. Kwetu, mbuzi hao wasipokuja, mke hahesabiwi mke, hata akae kwa mume miaka mingapi. Kwa hiyo siku hiyo haikuwa ya mchezo. Shangazi ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na jioni moja alinishika bega akasema mbele ya wote, "Muthokoi wa wageni wangu atatwanga Ndinda."

"Huyu?" Mwikali akaruka. "Wageni watakula maswali."

Tayari nilikuwa nimeiona picha yote: mzee wa Ekalakala akila, akiuliza nani ametwanga, na shangazi akisema jina langu. Hicho tu ndicho nilichokitaka duniani.

Siku iliyotangulia wageni, mama alinipimia mahindi akayanyunyizia maji. Nikaanza. Mwanzoni mchi ulitoa sauti nzito, kama mguu kwenye tope. Baada ya muda nikamwita. "Mwaitu, imetosha?" Ndivyo tunavyomwita mama.

Akaja. Akatia mkono kinuni, akachota kiganja kimoja, akasugua, akapuliza makapi, akatazama. Akazirudisha punje kinuni. Kisha akasema, "Wewe unaonaje?" Akachukua kamba yake akaenda kutafuta kuni.

Ni hivyo tu. Sikujua kama ule ulikuwa mtihani au uchovu. Neno moja la "bado" lingempunguzia nini?

Nikaendelea kutwanga, na sasa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Sauti ilibadilika. Ule uzito uliisha, ikawa kama mtu ananong'ona, shh, shh, makapi yakijisugua. Nilisikia. Mikono ilisikia kabla ya masikio, na ikataka kusimama. Badala ya kusimama, nikaita, "Mwikali! Iko sawa?"

Mwikali alichungulia kutoka mlangoni, hata hakukaribia. "Bado sana. Hiyo bado imevaa koti."

Nikatwanga. Akapita Mama Kioko, jirani yetu, akirudisha ungo. Nikamwuliza naye. "Ongeza maji, mwanangu, inakauka," akasema, akijua anachosema, maana alikuwa mtwangaji hodari. Ila yeye alitazama punje za juu tu, akaenda zake. Nikaongeza maji. Mahindi yakashikana kama ugali. Shangazi akatoka nje, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. "Maji yote haya ya nini? Twanga kwa nguvu yakauke!"

Nikatwanga kwa nguvu. Kila mmoja aliniambia kitu, na kila kitu nilikifanya.

Nilipopepeta, nusu ya mahindi iliruka pamoja na makapi, na kuku wakaja mbio kama walioalikwa. Mama aliporudi na kuni, alichota kiganja chake kama kawaida. Safari hii hakupuliza. "Hii ni ya uji," alisema, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniumiza. Akachukua karai akaenda kwa Mama Kioko kuomba muthokoi wake. Mama Kioko! Yule yule wa ongeza maji!

Kesho yake wageni walikuja, mbuzi wakafungwa chini ya mkuyu, wazee wakala. Nilikuwa nyuma ya jikoni na bakuli langu la chenga. Nikamsikia mzee mmoja akisema, "Huu muthokoi nani ametwanga? Punje zimesimama!"

Shangazi akamwongezea mzee bakulini. "Ni wa jirani," akasema.

Mwikali, aliyekuwa kando yangu, akameza uji wake na kuniuliza kwa upole wa kinafiki, "Iko sawa?"

Wageni walipoondoka nilimwendea mama. Kwa nini hakuniambia? Alikuwa akiosha sufuria, na hakuinua macho. "Ningekuambia leo, kesho ungeniuliza tena. Mchi hauna macho, Ndinda. Wewe unayo."

Niliona ni uchoyo. Nilikasirika wiki nzima, nikafagia uwanja bila kumwita mtu, kwa kisasi.

Baadaye kidogo, Jumapili moja, wote walikwenda kanisani na mimi nikaachwa kwa sababu ya kikohozi. Kikohozi kilipungua mara tu walipotokomea njiani. Nikatoa kinu. Sijui hasa kwa nini. Nadhani nilitaka kukipiga kitu. Nikatwanga, na sauti ilipogeuka mnong'ono nikageuka kumtafuta wa kumwuliza. Palikuwa na kuku tu. Mmoja alinitazama kwa jicho moja, na sikuwa nimefikia hatua ya kumwuliza kuku.

Nikatia mkono. Sikuwa nimewahi kuutia kabla, unaelewa? Muda wote ule niliona ule ni mkono wa mama, kazi ya mama. Nikachota, nikasugua, nikapuliza. Makapi yakaruka. Punje zikabaki kiganjani, nyeupe, nzima, tatu nne zikiwa bado na ngozi kwenye ncha. Nikaona, nikauweka mchi chini.

Mchana walirudi, mama akaupika muthokoi wangu na maharagwe, wakala. Nilingoja. Baba aliongea habari za ng'ombe. Mwikali aliongeza mara ya pili huku akilalamikia viatu vyake. Hakuna aliyeutaja muthokoi. Nikawachukia wote kwa zamu, na nikaondoa vyombo kwa kishindo.

Ilinichukua miaka mingi kugundua kilichotokea siku ile. Nilipokuwa nikiwangoja waseme, sikuwa nikingoja kujua. Nilishajua tangu asubuhi, nikiwa peke yangu na kuku. Walichoninyima ni makofi tu. Makofi ni matamu, sikatai, na nayapenda hadi leo. Lakini muthokoi ulikuwa mzuri kabla hawajanawa mikono.

Siku hizi nafundisha wasichana ushonaji hapa mjini. Wananiletea kola: "Madam, iko sawa?" Nami nawauliza, "Wewe unaonaje?" na kuiona ile sura, ile yangu. Mmoja juzi alifyonya kabisa. "Si ungesema tu, madam!" Ana haki ya kukasirika. Mimi mwenyewe bado nina kinyongo na mama, Mungu amrehemu, kwa sababu alinionyesha kiganja chake bila kuniambia anatafuta nini humo. Angesema tu, "Tazama ncha za punje," ningejua pa kuanzia. Kwa hiyo ninachowaongezea wasichana wangu ni hicho alichokiacha yeye: ikunje kola katikati, linganisha ncha zake mbili, pitisha kidole juu ya mshono. Baada ya hapo nanyamaza, hata kama kunyamaza kunaniwasha.

Nawe, kazi yoyote uliyo nayo mkononi leo, kabla hujamwita mtu aje akuambie, tua mchi. Tia mkono kinuni, uchote kiganja kimoja. Sugua, puliza, tazama ncha za punje. Kisha sema kwa sauti yako mwenyewe unachokiona.