Upande Mzuri wa Kipara

Mzee Mkunjo alipomwona yule paka kwa mara ya kwanza, alidhani ameletewa kuku aliyekwisha nyonyolewa. Alichungulia ndani ya kikapu, akarudi nyuma hatua mbili, akavaa miwani, akachungulia tena. Ngozi tupu, mikunjo shingoni na kwapani, masikio makubwa kama ya kuazima.

"Manyoya yake yako wapi?" alimuuliza binti yake, aliyekuwa amekileta kikapu.

"Hana, Baba. Kazaliwa hivyo."

"Nani kamfanyia hivyo?"

"Hakuna aliyemfanyia kitu. Ndivyo walivyo wa aina yake."

Mzee Mkunjo akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, na hakuwa ameelewa hata chembe.

Kazi yake ilikuwa udobi, na jina alipewa na wateja kwa sababu ya ule mstari wa mbele wa suruali, ambao akiupiga yeye ulikaa mpaka suruali irudi kwenye maji. Duka lake lilikuwa na chumba cha mbele chenye kaunta na bomba refu la kutundikia nguo, na chumba cha nyuma alimolala peke yake tangu mkewe afariki miaka sita iliyopita. Alijua doa la chai, la kutu, la wino na la jasho la mtu mwenye wasiwasi. Binadamu ndio waliompiga chenga, hasa huyu binti yake wa pekee.

Hawakuwa wamegombana. Laiti wangegombana, angejua pa kuanzia kuomba radhi. Ni kwamba mama mtu ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya wote wawili, na alipoondoka, simu zao zikabaki za kujuliana hali na kukata. Sasa kazini kwa binti walikuwa wanampeleka masomoni mbali, wiki kumi, na katika marafiki wote alionao, wapenda wanyama wa kila namna, amewaruka wote akaja kwa baba yake, mtu ambaye hajawahi kufuga hata njiwa. Kwa nini yeye? Mzee Mkunjo hakujua, na kuuliza aliogopa. Alichojua ni kimoja: tangu binti awe mtu mzima hajawahi kumwomba kitu, na hiki akikiharibu, hataombwa kingine mpaka anaingia kaburini.

Maelekezo yalikuwa mengi. Ngozi ya paka huyu hutoa mafuta, na mafuta hayo yakikaa hugeuka uchafu wa rangi ya kahawia, kwa hiyo aoshwe kila wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Asipigwe na jua. Asipate baridi. Jina lake lilikuwa refu na la kigeni, ulimi wa Mzee Mkunjo ukagoma, na siku ya pili tu mnyama akawa Kipara. Kipara naye alilala juu ya shuka za watu zilizotoka kupigwa pasi na kuziachia doa la mafuta lenye umbo lake kamili. Dobi akafua upya na kunung'unika. Amefuga doa linalotembea, akawaza, na bado siku ya tatu alijikuta akimtandikia taulo lenye joto.

Dobi mzoefu ana mkono wa kulia, halafu ana mkono wa pasi, na huo wa pasi haumsikilizi mtu. Pasi ya Mzee Mkunjo ilikuwa nzito, ya kizamani, na pahali pake palikuwa nyuma yake, juu ya kigae kilichowekwa kwenye stuli. Kila alipotaka kugeuza nguo aliirudisha pale bila kutazama, huku akipiga soga na wateja, na wateja walipenda kuona. Miaka thelathini na moja hakuwahi kukosea. Alijivunia jambo hilo kuliko hata mistari ya suruali.

Lakini kigae kile, pasi ikinyanyuliwa, kilibaki na joto zuri. Na Kipara, ambaye shughuli yake kubwa duniani ilikuwa kutafuta joto, alikuwa ameshakigundua.

Jumanne moja asubuhi, wiki ya tatu, Mzee Mkunjo aligeuza mkono wa shati jeupe, akairudisha pasi nyuma. Hakusikia mlio wa kigae. Ilitua kwenye kitu laini.

Ukelele uliotoka hapo ulimleta mbio Mama Pindo, mshonaji wa mlango wa pili, mkasi ukiwa mkononi.

"Umeua nani?"

"Sijui," alijibu Mzee Mkunjo, na lilikuwa jibu la kweli kabisa. Alikuwa amesimama na pasi juu, hajui aiweke wapi, yeye aliyekuwa akiiweka mahali palepale nusu ya maisha yake.

Mama Pindo aliichomoa pasi kwenye umeme, akamvuta paka kutoka chini ya rafu. Ubavu wa kushoto, kuanzia kwenye mbavu mpaka karibu na paja, ngozi ilikuwa imebabuka. Walimshika chini ya bomba la maji muda mrefu, wakamfunga kwa foronya safi iliyolowa, ambayo ilikuwa ya mteja, na Mzee Mkunjo akatoka mbio na kandambili zake hadi kwa daktari wa wanyama, mitaa miwili kutoka pale.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mikono ya koti kaikunja mpaka kwenye viwiko. "Imekuwaje, mzee?"

"Alikalia pasi."

Daktari akainua macho. "Paka aliikalia pasi, au pasi ilimkalia paka?"

Mzee Mkunjo akatazama kandambili zake. "Hiyo ya pili."

Jeraha lilikuwa la kina, daktari alisema, na paka asiye na manyoya hana kitu cha kumkinga. Wiki moja ingeonyesha kama ataishi. Kisha akatoa maagizo. Asipate baridi, maana ngozi iliyoungua haishiki joto, lakini asikae karibu na kitu cha moto. Kidonda kifunikwe, ila kisibanwe. Hewa ipite, vumbi lisipite. Asijilambe. Dawa ya kupaka asubuhi na jioni, ya maumivu mdomoni kwa bomba lisilo na sindano. Asishikwe-shikwe, lakini asiachwe peke yake.

"Sasa nimshike au nisimshike?"

"Utaona mwenyewe, mzee."

Alichoona ni giza tupu. Kipara alivishwa kola pana ya plastiki ili asijilambe, na kola ikawa inagonga miguu ya meza, kaunta, ndoo, kila kitu. Mzee Mkunjo alikata fulana yake kuukuu, Mama Pindo akaishona ikawa na kamba za kufunga mgongoni. "Nimeshona miaka yote," alisema akilamba damu kidoleni, "leo ndiyo nimepata mteja wa kuniuma nikimpima." Vitambaa vya kufungia kidonda dobi alivichemsha mwenyewe, kila siku, na hilo angalau alilijua. Mengine yote alikwenda kwa kubahatisha. Hata pasi ikamgeuka: kabla ya kuiweka aliangalia nyuma mara tatu, na kazi ya saa moja ikamlia asubuhi nzima.

Jumapili binti alipiga simu ya video, kama alivyoahidi kufanya kila wiki.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Shati lililotoka kifungo lina namna yake ya kukunjwa: kasoro inalala ndani, upande mzuri unatazama juu. Mzee Mkunjo alimvua Kipara kola, akamlaza mapajani, ubavu wa kulia ukielekea kwenye simu. "Huyu hapa."

"Mbona kavaa fulana?"

"Baridi, mama."

Na ili asiulizwe la pili, akaanza kuongea. Akaeleza jinsi Kipara anavyokula kwa kuchagua. Jinsi anavyokoroma. Jinsi alivyomkodolea macho mteja mmoja mnene mpaka yule bwana akasahau suruali yake kwenye kaunta. Binti alicheka, na Mzee Mkunjo, ambaye hakuwa amesikia kicheko hicho tangu msiba, akaendelea nusu saa nzima. Simu ilipokatwa shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alikaa akijiuliza kama amemdanganya mwanawe au amezungumza naye. Uongo wenyewe ulikuwa neno moja tu, na yaliyobaki yote yalikuwa kweli, tena matamu. Jumapili iliyofuata akafanya vilevile, na iliyofuata pia.

Ile wiki ya kuonyesha kama paka ataishi ilipita salama. Wiki ya pili tangu aungue, kidonda kikaanza kukauka, na juu yake pakatokea kitu cha rangi ya kahawia, kigumu kidogo, kimetanda kama uji uliomwagikia kitambaa cha meza. Mzee Mkunjo akakiangalia. Si aliambiwa? Mafuta ya ngozi yakikaa hugeuka uchafu wa kahawia, na uchafu huo uoshwe kwa maji ya vuguvugu. Na yeye hajawahi kumrudishia mtu kitu kikiwa na doa. Akaloweka kitambaa, akakilaza pale, akasubiri. Kisha akasugua taratibu kutoka pembeni kwenda katikati, kama inavyosuguliwa kola ya shati la karani. Likatoka lote. Alijipongeza kwa muda wa kusuuza kitambaa. Alipogeuka, damu ilikuwa inatiririka mpaka kwenye mguu wa paka.

"Hilo lilikuwa gaga, mzee!" Daktari safari hii hakutania. "Ngozi mpya ilikuwa inaota chini yake."

"Nilidhani ni doa."

"Hii ni ngozi. Ingejitoa yenyewe. Wewe kazi yako ilikuwa kuiacha tu."

Homa ikaja. Siku mbili Kipara hakula, akalala katika kikapu, ngozi ikiwaka mkononi. Mzee Mkunjo alifunga mlango wa duka mchana kweupe, akaketi sakafuni, wateja wakabisha wakachoka. Alilia, mtu mzima yule, na hakujua vizuri anamlilia nani: paka, binti, au mkewe ambaye angejua la kufanya. "Bwana wee," alimwambia Kipara, "mimi kuondoa najua. Kuacha ndiyo sikufundishwa." Dawa ya homa aliyoongezewa na daktari alikuwa ameshampa, ya kupaka ameshapaka. Kilichobaki kilikuwa kukaa, na hakuna kazi ngumu kama hiyo kwa mtu wa mikono.

Siku ya tatu alichovya kidole katika supu ya kuku, akakisogeza, bila matumaini. Ulimi wenye mikwaruzo ukakilamba. Mzee Mkunjo akapiga kelele, na Mama Pindo akaja tena na mkasi wake.

Baada ya hapo gaga jipya likaja, na dobi akawa anatembea na mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, asije akajisahau akasugua. Likadondoka lenyewe, kipande kwa kipande, kwa wakati wake. Chini yake palikuwa na ngozi ya waridi, laini, inayong'aa. Mwili mzima wa Kipara ulikuwa na mikunjo yake ya kuzaliwa nayo, isipokuwa pale: pamenyooka kabisa.

"Wewe hata paka unampiga pasi," Mama Pindo alisema akacheka, kisha akaona uso wa jirani yake, akaacha.

Ilibaki wiki moja binti arudi. Jumapili hiyo fulana ilikuwa imeshavuliwa kwa amri ya daktari, na Mzee Mkunjo alimlaza Kipara mapajani kama kawaida, upande mzuri. Tangu asubuhi alikuwa amejiambia leo anasema. Simu ilipoita, akaanza na habari za mvua.

Binti alisikiliza, halafu akasema kwa upole, "Baba, mgeuze."

"Nimgeuze vipi?"

"Upande wa pili."

Mzee Mkunjo akamshika paka kwa mikono miwili. Akamgeuza. Kovu lilikuwa na ncha mbele na upana nyuma, na mtoto wa dobi hahitaji kuambiwa hiyo ni alama ya nini. Binti akaziba mdomo kwa mkono.

"Ni mimi," Mzee Mkunjo alisema. "Sikutazama nyuma." Akaeleza yote, kigae, gaga, homa, fulana, safari hii bila kukunja kitu. "Uliniomba jambo moja, mama, na ndilo hilo nimeliharibu. Nisamehe."

"Nilijua."

"Nani kakwambia? Huyu wa cherehani?"

"Hakuna aliyeniambia. Baba, tangu mama afe hujawahi kuongea na mimi dakika tano. Jumapili ile ukaongea nusu saa, mpaka paka anavyokoroma ukanisimulia. Nikajua hapo kuna jambo baya limetokea."

Mzee Mkunjo akachanganyikiwa upya. "Wiki zote hizi? Sasa mbona hukuuliza?"

Binti akatazama pembeni, akajifuta jicho kwa kiganja. "Niliogopa. Nilijiambia nikishauliza, na wewe ukishanijibu, utanyamaza tena."

Mzee Mkunjo hakujua kama anachosikia ni huzuni au ni furaha, wala kama ni yeye anayepaswa kusamehe au kusamehewa. Alitafuta neno kubwa linalofaa, akalikosa. Kwa hiyo akashika lililokuwa karibu.

"Jana kaingia kwenye kapu la soksi," alisema. "Katoka na moja kichwani."

"Ya nani?"

"Ndiyo sijui, mama. Nimewauliza wateja wote. Kila mtu anaikana."

Kule mbali, binti alivuta kiti, akaketi.

"Nisimulie," alisema. "Anzia mwanzo."