Shikamoo ya Sumuni

Mchele unaouzwa siku hizi hapa Mbeya hauna mawe. Umeshapita mashineni kule Ubaruku, ukachambuliwa, ukapangwa madaraja, ukatufikia unang'aa ndani ya mfuko wenye picha. Hata hivyo mimi huumimina kwenye ungo, nikakaa kibarazani na kuupembua, nikiuzungusha taratibu mpaka utoe ule mlio wake, shwaa, shwaa, na wajukuu hunicheka kwamba bibi anatafuta mawe yasiyokuwepo. Waache wacheke. Nyuma ya mlio ule mimi husikia kengele, na nyuma ya kengele nasikia sauti ya mvulana wa miaka kumi akitamka neno moja ambalo hadi leo halijaniishia utamu.

Niseme mapema, msomaji wangu, usije ukanishuku bure kuwa nina majivuno. Ninayo. Soma tu.

Ilikuwa miaka ya sabini, reli ya kwenda Zambia ikiwa bado inajengwa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa Mbeya, na mama alikuwa mtoto wa Chimala, kwa hiyo nyumbani kwetu mchele haukukosekana hata siku ambazo vingine vyote vilikosekana. Kila likizo ya mwezi wa sita nilipakiwa kwenye basi kwenda Iringa kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyeolewa na seremala wa Kihehe. Nilipakiwa pamoja na gunia dogo la mchele, kwa sababu mama aliamini mtu haendi kwa dada yake mikono mitupu. Nilifika Iringa jioni, meno yakigongana kwa baridi, sweta likinuka moshi wa dizeli na mahindi ya kuchoma ya Makambako.

Mama mkubwa alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Dominiki. Tulimwita Domi. Mimi nilimzidi Domi miezi mitatu na kimo cha kidole kizima, lakini kwa mama mkubwa hayo hayakuwa na maana yoyote. Mtoto wa mkubwa ni mkubwa, alisema, na sheria hiyo haikuwa na rufaa. Kwa hiyo kila asubuhi mimi, dada mtu kwa umri, nilitakiwa kumwamkia yule mdogo wangu shikamoo kama kaka yangu.

Lau angeitikia kama watu wengine, pengine ningezoea. Domi hakuitikia hivyo. Aliniacha nisubiri. Alijikuna shingo, akakohoa kikohozi cha mzee mvuta kiko, akaweka mkono kiunoni, ndipo akasema kwa sauti nzito aliyoiazima sijui wapi, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Nilikuwa naumia, jamani. Nilikunywa chai yangu ikiwa chungu na sukari imo.

Sasa, jambo moja ambalo Iringa walikuwa nalo na sisi Mbeya hatukuwa nalo, angalau mtaani kwetu, lilikuwa mashine ya gololi. Ilikaa kwenye hoteli ya chai ya Mama Zuhura, karibu na stendi. Ilisemekana iliachwa na mkulima mmoja wa Kigiriki alipofunga mizigo kurudi kwao. Lilikuwa sanduku refu lenye miguu minne, juu kioo, na chini ya kioo uwanja wenye taa za rangi na vitu vitatu vya mviringo vilivyofanana na uyoga. Ulitumbukiza sumuni, ile senti hamsini yenye picha ya sungura, ukapata gololi tano za chuma. Uliivuta springi, ukaiachia, gololi ikapanda juu na kuanza kushuka ikijigonga kwenye uyoga, na kila ilipogonga kengele ililia na namba zikajizungusha kwenye kioo cha mbele. Chini kabisa kulikuwa na mikono miwili midogo uliyoichezesha kwa vitufe vya pembeni, kuirudisha gololi juu isitumbukie shimoni. Kwenye kioo hicho cha mbele alichorwa mwanamke wa Kizungu aliyevaa nguo ya kuogelea, ambaye Mama Zuhura alimbandika karatasi ya kalenda kuanzia shingoni kwenda chini. Tulimfahamu kwa kichwa tu.

Mashine ile ilikuwa na tabia mbili. Ya kwanza, mara nyingine ilimeza sumuni na isitoe hata gololi moja. Watoto walilia, wakamwendea Mama Zuhura, naye bila kuacha kusukuma maandazi aliwajibu siku zote maneno yale yale: "Sumuni ikishaingia haitoki, mwanangu." Ya pili, ilikuwa haipendi kupigwa. Ukiisukuma kwa nguvu ili kuipotosha gololi, ilizima taa zote, mikono ikafa, na mchezo wako ukaishia hapo. Tulisema imenuna.

Baba mkubwa alitupa sumuni moja moja kila Jumamosi, mimi na Domi. Jumamosi ya kwanza Domi alinishinda mchana kweupe. Jumamosi ya pili nilikuwa nakwenda vizuri, nikaona gololi inaelekea shimoni, nikalipiga sanduku kwa goti. Ikanuna. Wavulana waliojazana pale walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake, na Domi akanishika bega kwa huruma ya kizee. "Pole, mwanangu," akasema.

Ndipo nikasema neno nililokuwa nimelificha kifuani wiki mbili. Nilimwambia Jumamosi ijayo, ya mwisho kabla sijarudi Mbeya, tucheze yeye na mimi, na nikimshinda yeye ndiye aniamkie. Siyo siku ile tu. Siku zote.

Domi alifikiri. "Na ukishindwa?"

"Sema wewe."

"Ukishindwa utaniamkia umepiga magoti. Hata nikija Mbeya. Mbele ya wenzako wa shule."

Niliwaona rafiki zangu wa darasa la nne, mmoja mmoja, wakishuhudia magoti yangu. Nikakubali. Kinywa kiliponza kichwa, wahenga walisema kweli.

Wiki ile sikulala vizuri. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kupembua ule mchele tuliotumiwa na mama, maana mchele wa wakati ule ulikuja na nusu ya bonde la Usangu ndani yake: changarawe, udongo mkavu, na siku nyingine kipande cha chupa. Siku ya Alhamisi nilikuwa na hasira, ninaurusha na kuutingisha ungo ovyo, mchele unamwagika, kuku wanafurahi. Mama mkubwa alitoka jikoni akasimama akinitazama.

"We Atupele, mchele umekukosea nini?"

Nikazidi kuutingisha.

"Ukiupiga hivyo, jiwe linajificha chini. Usipige. Sogeza tu kidogo, na vifundo vya mikono. Litakuja lenyewe pale unapolitaka."

Nilikuwa nikijua kupembua tangu nina miaka sita, lakini siku ile ndiyo kwanza nikaitazama mikono yangu ikifanya. Nikausogeza ungo kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kelele. Mawe yakaanza kutembea juu ya mchele, moja moja, hadi ukingoni. Nikaacha kupumua. Mama mkubwa alirudi jikoni bila kujua alichonipa, na mimi nikaupembua mchele wa siku nne asubuhi ile moja, hata Domi akauliza kama nimechanganyikiwa. Kazi za wanawake, akasema, akaenda zake kutengeneza manati.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito hata mchana. Hotelini mlinuka tangawizi, mafuta ya maandazi na makoti yaliyolowa. Domi alianza. Alicheza vizuri, sitaki kumnyima haki yake. Gololi tano zilipokwisha kioo kilionyesha elfu tatu, mia nne na kumi, na wavulana walimpiga mgongoni kana kwamba ameshaoa.

Nilipanda juu ya kreti ya soda. Nikatumbukiza sungura wangu. Gololi ya kwanza ilipita katikati ya mikono miwili bila hata kunisalimu. Ya pili na ya tatu zilinipa kidogo kidogo. Vicheko vikaanza, na magoti yangu yakaanza kuhisi sakafu ya saruji. Hapo nikaviacha vidole viwili tu juu ya vitufe, viganja nikavibana kwenye ubavu wa sanduku kama ninavyoushika ungo, nikajitia uziwi.

Gololi ya nne ilishuka ikilenga shimo. Sikupiga. Nilisogeza tu kidogo, na vifundo vya mikono. Ikayumba, ikaangukia mkono wa kushoto, nikairudisha juu. Ikashuka tena, nikasogeza tena. Taa hazikuzima. Uyoga ukalia, namba zikazunguka, na pale nyuma yangu vicheko vikakauka kimoja kimoja. Gololi ya tano niliicheza muda mrefu hadi Mama Zuhura akaacha unga na kuja kusimama nyuma yangu, mikono ikiwa myeupe. Kisha mashine ikatoa mlio ambao wengi wetu tulikuwa tunausikia kwa mara ya kwanza, *ko*, mlio mkavu kama wa mlango unaogongwa mara moja. Nilikuwa nimevuka elfu nne, na mashine imenizawadia mchezo wa bure.

Wavulana wakafufuka. Ameitingisha, wakasema, tumemwona. Mama Zuhura akauliza jambo moja tu: "Imenuna?" Wakazitazama taa; zilikuwa bado zinawaka. Mmoja akamnong'oneza Domi kwamba mtoto wa mama mkubwa hawezi kumwamkia mtoto wa mama mdogo, ni mwiko, asikubali. Domi alimtazama Mama Zuhura kama anayeomba msaada, naye akajipangusa unga na kumpa jibu lake la siku zote.

"Sumuni ikishaingia haitoki, mwanangu."

Domi akanigeukia. "Shikamoo, dada Atu."

Nilijikuna shingo. Nikakohoa. Nikaweka mkono kiunoni, nikiwa bado juu ya kreti. "Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Hujambo?" Hoteli nzima iliangua kicheko, na safari hii hawakunicheka mimi. Ule mchezo wa bure niliucheza peke yangu, sikumpa hata gololi moja, na ndiyo kwanza nikampa sweta langu anishikie.

Kesho yake, mezani, Domi aliniamkia. Mama mkubwa akaweka birika chini. "Nani anamwamkia nani humu ndani?"

Nilijua neno moja la Domi lingetosha kunirudisha chini, na juu yake ningegombezwa kwa kushinda stendi na wavulana. Domi aliipuliza chai yake.

"Nimemwamkia mimi, mama. Kanizidi miezi mitatu."

Mama mkubwa akamwambia anywe chai isipoe. Mimi nilirudi Mbeya nikiamini Domi alinifichia siri kwa kuogopa midomo ya wavulana wa stendi. Niliamini hivyo miaka mingi.

Mwaka juzi Domi alimwoza binti yake wa mwisho, pale pale Iringa. Sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Kichwa kimekuwa cheupe, watu humfuata kwa mambo ya mipaka na mahari, na wenye umri wa kuweza kumzaa humwamkia. Ukumbini, mbele ya wakwe waliotoka Mwanza, alishika kipaza sauti kututambulisha, meza kwa meza. Alipofika kwangu alivua kofia.

"Huyu ni dada yangu, Atupele," akasema. "Shikamoo, dada."

Nilifunika kile kipaza sauti kwa kiganja. Nikamwambia polepole imetosha, sote ni wazee, na mtoto wa mama mkubwa ni yeye. Domi akainama sikioni kwangu.

"Sumuni ikishaingia haitoki, dada."

Machozi yalinitoka hapo hapo, sikuyaficha. Mimi nilishinda kwa dakika kumi, kwa mikono niliyopewa na ungo. Yeye alikuwa bado anacheza mchezo ule ule, karibu miaka hamsini, na kila siku angeweza kuuacha, na hakununa hata mara moja. Wakwe walikuwa wanasubiri. Nikakaa sawa kwenye kiti, nikajikuna shingo, nikakohoa, nikaweka mkono kiunoni.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Hujambo?"